Fungu la Hamsini na Tatu

Dalali bado yuko kwenye fungu la arobaini,
anauza jembe la trekta kwa sauti ya nyuki waliochokozwa.
Mimi nimesimama ghalani mwa marehemu Verdell Haugen,
theluji ya Machi inayeyuka ndani ya viatu,
napiga hesabu mgongoni mwa bahasha ya bili ya umeme.

Sanduku moja. Mbao za msonobari, waya haujakatwa.
Maandishi meusi: risasi mia tatu themanini na nne,
mikebe miwili, nane nane ndani ya vibanio,
mwaka hamsini na tatu,
mwaka niliozaliwa,
jambo lisilostahili kuongeza hata senti.

Dukani, mpya, ni dola moja na nusu kila moja.
Hizi nazipa senti sitini.
Mia mbili thelathini, basi, na senti arobaini,
halafu dalali naye ana asilimia kumi na tano yake,
mdomo wake haufunguki bure.

Lakini pembe ya chini ina doa.
Maji yalipanda hapo, yakashuka, yakaacha mstari
kama ule wa chai ndani ya kikombe.
Huenda bati limeshika kutu. Huenda baruti imelala.
Huenda fataki zake ni zile za zamani zenye chumvi,
zinazotafuna mtutu usiku uleule
usipouosha kwa maji ya moto.
Kukata waya kumekatazwa.
Ni mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe halitoi hata mlio.

LeRoy Bjerke, mwuza vitu vya jeshi,
amelipita mara tatu bila kulitazama.
Hiyo ndiyo dalili mbaya.
Mama mmoja mwenye glavu nyekundu
ameuliza kama sanduku laweza kuuzwa tupu,
anataka kupandia maua.

Arlys yuko garini, hita inanguruma.
Nilipofungua mlango aliniuliza swali moja:
“Nani atazimaliza?”

Nikadhani ni dhihaka. Sasa penseli imelishika swali.
Kila Oktoba, shindano la klabu, nafyatua thelathini na mbili.
Mia tatu themanini na nne: miaka kumi na miwili.
Nina sabini na mmoja.
Jicho la kulia limeanza kuvaa ukungu,
na daktari wa macho hupunguza maneno kila ninaporudi.
Nimekata kumi na mbili. Nimeandika nane.

Miaka nane ni risasi mia mbili hamsini na sita.
Zinazobaki ni za nani?
Curt anaishi ghorofani, Minneapolis,
bunduki ya babu yake aliishika mara moja
kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.
Silipii zinazobaki.
Mia na hamsini na tatu, senti sitini.
Nikiondoa cha dalali: mia na thelathini na tatu.
Nimepigia mstari. Mara mbili.

Fungu la hamsini na tatu!
Hamsini, sabini na tano, mia.
LeRoy anapandisha kwa kidevu tu.
Mia na ishirini, mimi. Mia na thelathini, yeye.
Dalali ananigeukia: mia na thelathini na tano?

Dola mbili juu ya mstari.
Kwa hesabu yangu ni risasi tatu na kipande,
yaani mwezi mmoja na siku chache
za huko mwisho.

Kadi namba arobaini na saba ikapanda, mkono wangu chini yake.

LeRoy akagusa kofia, akatabasamu, akaacha.
Ukishinda mnadani ndipo unapoanza kujiuliza
mwenzio alijua nini.

Nililiinua kwa magoti, si kwa mgongo.
Mama wa glavu nyekundu akanifuata hadi garini:
“Ukizimaliza, sanduku nitalitaka.”
Arlys akateremsha kioo, akampa kalamu,
naye akaandika namba yake ya simu
kwenye bahasha ileile, chini ya nane.