Fundo la Tenga

Barafu ya kiume ni nyeusi, imejaa vumbi na kokoto,
ngumu, bahili wa maji.
Ya kike ni nyeupe, ukiitega juani inageuka samawati,
nayo hulia tone, tone, hata usiku.
Hivyo ndivyo tunavyosema huku kwetu, bonde la Shigar,
na atakayecheka na acheke,
ila aje acheke Agosti, mfereji umekauka,
shayiri imesimama kama ndevu za maiti.

Tulikwenda kuzioza.

Zuhra alinijazia vibuyu viwili maji ya chemchemi,
akaviziba midomo kwa nta,
akanigeuza, akavuta kamba ya tenga mgongoni mwangu.
"Fundo hili umelifunga wewe au umemwachia Mungu?"
Nikasema, nimelifunga mimi.
"Basi funga tena."

Msikitini, Ghulam Mehdi alikuwa amesema, akikunja mkeka:
"Akitaka kutupa barafu atatupa.
Nani aliyempandishia theluji milimani?"
Na kijana wa Wazir Kazim, mwenye mabomba ya plastiki, akajibu:
"Dua haipimwi kwa inchi."
Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na kiu,
na mwenye kiu hana mdahalo.

Tulikuwa wachukuzi kumi na wawili, na sheria mbili:
mtu asiseme,
mzigo usiguse ardhi.
Usiku ulitukuta juu ya mawe. Baridi ilishuka
kutoka kwenye tenga hadi kwenye mbavu,
kama mkono unaotafuta kitu mfukoni.

Kamba ikakatika.
Si fundo; fundo lilishika.
Kamba yenyewe, niliyoinunua mpya Skardu,
niliyoivuta mara kumi mbele ya muuzaji.
Mdomo wangu ulijaa jina la Allah
na sikuweza kulitoa hata kwa mnong'ono.
Tenga likainama. Likasimama.

Nyuma yangu alikuwa Hasnain.
Miaka mitatu hatujapeana salamu,
tangu usiku ule wa zamu ya maji na koleo.
Alikuwa na mzigo wake, barafu ya kike, kilo ishirini,
na bega lake moja sasa lilikuwa chini ya wangu.
Tukapanda hivyo hadi alfajiri, kama mnyama wa miguu minne.
Kumshukuru sikuruhusiwa.
Kumtukana pia.

Pangoni tukazilaza, dume kwa jike,
tukapanga vibuyu katikati,
tukamwaga makaa, makapi ya ngano, udongo, mawe.
Shehe akafungua viganja, sauti ikatutoka kwa pamoja,
imekwaruza, imekaukia kooni:
Ya Rabbi, mikono yetu imefika hapa.

Inataka miaka kumi na miwili.

Mwaka wa tatu nilipanda peke yangu.
Sikumwambia mtu, hata Zuhra.
Nilijiambia naenda kuongeza makapi.
Nikaliweka kiganja jiwe la juu, nikasikiliza.
Kimya. Nikaanza kulisogeza,
kidogo tu, upana wa kidole, nione kama kuna kitu,
kama kimekua, kama kimekufa,
kama nilibeba mgongoni yale maumivu yote bure.

Ndipo nikamkumbuka yule bedui na ngamia wake.
Aliambiwa amfunge, kisha amtegemee Mola.
Hakuambiwa arudi kila saa
kulifungua fundo aone kama limefungwa.

Niliurudisha mkono kwenye joho, ukitetemeka.
Sitadanganya kwamba moyo nao ulirudi.
Ulibaki pale juu siku nyingi, umejibanza kwenye jiwe,
unachungulia.

Niliteremka. Mferejini nilimkuta Hasnain
ndani ya tope kavu hadi magotini,
anatoa mawe mahali ambapo maji hayajapita tangu kiangazi kile.
"Unachimbia nini?" nikamuuliza.
"Yakija," alisema, "yasikose njia."

Nikaingia. Lilikuwapo koleo moja tu.
Tukapokezana.