Barafu ya Mia Mbili

Dada yangu Mgeni karudi Wete Ijumaa
na koti jekundu alilopewa melini,
zito kama godoro la usufi.
Kalitundika msumarini, ubavuni mwa kanga zangu,
na chumba kizima kikanuka nchi za watu.

Mwanawe Shaame, aliyeko Norwe, ndiye aliyelipa:
siku kumi na mbili baharini, juu kabisa ya dunia,
kumpumzisha mama
aliyefundisha hesabu miaka thelathini na nne
asipumzike ila kwa homa.

Mimi nauza barafu.
Friza yangu ipo barazani: za ubuyu, za embe, za ukwaju,
mia mbili mia mbili, watoto wakitoka chuoni.
Basi nikamuuliza kama mtu wa kazi:
ya huko ikoje?
Akacheka. "Riziki, ile haina mfuko."

Akasema ni buluu,
buluu ile ya kufulia, tuliyotilia kanzu za baba;
mlima mzima umechovywa
na aliyeuchovya kasahau kuusuuza.
Akasema jua halizami, lazunguka ukingoni tu
kama mdai aliyeambiwa mwenye nyumba hayupo.
Magharibi hakuiona. Akaswali kwa saa ya Makka,
na kibla akamuuliza nahodha,
mzee wa ndevu za manjano,
naye akashuka na ramani hadi mlangoni,
akanyoosha kidole: huko, mama.
Tangu hapo kila meli ikigeuka
simu ya chumbani yalia:
mama, sasa kulia kidogo.

(Nahodha huyo nimempenda, na sijamwona.)

Dubu walimngoja siku tatu, darubini machoni,
kama watu wa mwandamo wa Ramadhani,
huyu akipiga kelele "yule!", kumbe jiwe.
Alipotokea alikuwa mwembamba,
manjano kama meno ya mla tambuu, anatembea peke yake.
"Ndiye huyu?" Mgeni akasema, kwa Kiswahili,
na wote wakanyamaza kana kwamba wameelewa.

Nikamuuliza, ulifurahi?
Akamenya chungwa lote, ganda lisikatike,
ndipo akajibu.

Siku ya tisa walizima injini ili wasikilize.
Ukuta wa barafu ukalia
kama mabati ya skuli yanapong'olewa na upepo,
kikamegeka kipande, ukubwa wake msikiti wa Ijumaa,
kikaingia majini taratibu, bila haraka.
Wageni wakapiga makofi.
Yeye alikuwa akihesabu.
Sekunde arubaini na moja, wimbi likafika,
likainyanyua meli, likaiweka, likapita.
"Nikaendelea kuhesabu, Riziki.
Nilitaka kujua linakwenda kwa nani."

Sikumwambia kitu.
Bonde la mama kule Mtambwe, alikotuachia ploti mbili za mpunga,
yeye hajaliona tangu mwaka juzi.
Sasa kuna kaa.
Nitampeleka wiki ijayo, akishapumzika na mapumziko yake.

Jina lake Mgeni, na safari hii limemkaa:
hata kwangu anakaa ukingoni mwa kitanda,
anaamka usiku kuangalia kama kuna giza.

Alikuja na zawadi katika chupa ya chai.
Kuifungua, maji: vijiko vitatu, havina harufu.
Nikayatia mfukoni, nikafunga fundo,
nikayalaza frizani chini ya za ukwaju
yarudi yalivyokuwa.

Jumapili umeme ukakatika.
Watoto wakaja na giza, nami napapasa,
nampa huyu, nampa yule, naipokea sarafu kwa kuigusa.
Hata kidogo Faki wa jirani karudi, midomo imemkauka kwa hasira:
"Bi Riziki, hii haina ubuyu, haina sukari, haina chochote!"

Nikamuuliza, umeimaliza?
Kaimaliza.
Nikamrudishia mia mbili yake.