Nyuzi Arobaini na Moja

Saa tisa usiku, Nala. Upepo wa Julai
unagonga mabati ya kiwanda kama mdai aliyechoka ahadi.
Mtambo haulali. Unatiririka tu:
mtungi wa kwanza nyuzi sitini,
wa pili arobaini na moja, wa tatu ishirini,
na dawa inapita humo ingali maji maangavu,
haijaamua kuwa kitu.

Ethanoli huipokea vizuri,
kama mgeni aliyepewa chumba cha ndani.
Ukiongeza maji, mwenyeji hubadilika sura:
chumba kinabana, mgeni anatafuta mlango.
Hapo ndipo fuwele huzaliwa.

Mimi, Sechelela binti Mbeleje, mtu wa Bahi,
nimeajiriwa kutazama uzazi huo
na kuuandika kila robo saa.

Saa tisa na nusu pampu inakoroma.
Naweka tone chini ya hadubini:
sindano. Sindano tupu, kama miiba ya mgunga,
zimelaliana kwenye chujio, hazipishi.
Maji ya kupozea, yaliyokesha juu ya paa na baridi hii,
yameingia bila hodi.
Mtungi wa pili unasoma thelathini na tatu.
Kilichoharakishwa huota makali.

Fundi Chilewa, kwenye simu, sauti ya blanketi:
"Zima. Tutaosha asubuhi."
Kuzima ni kumwaga kilo mia mbili.

Mama alichuja udongo wa mbuga, akachemsha chumvi
bila kipimajoto. Alikuwa na kuni tatu.
Maji yakianza kuvaa utando
alivuta ukuni mmoja nje, akangoja,
akavuta wa pili.
"Ukiyakimbiza, Seche, utakula vumbi."

Nabana bomba la maji, yaje kwa matone.
Nafungulia mvuke kwenye koti la mtungi.
Thelathini na tano.
Thelathini na nane, na zile ndogo zinayeyuka kwanza,
zinawalisha wakubwa wao.
Natia kijiko cha mbegu, fuwele za jana.
Arobaini.
Nasubiri. Mikono inataka kazi, naikalia.
Arobaini na moja.

Saa kumi na moja na robo, tone jingine:
visahani bapa, vyenye pembe,
vinameta kama mchanga wa korongo baada ya mvua moja.
Chujio linapumua.

Daftari linataka sababu. "Maji ya paa, baridi."
Hatua iliyochukuliwa: nafasi ni sentimita mbili.
Naandika, "Nilivuta ukuni mmoja."
Kisha naikata, naweka tarakimu na sahihi,
mstari mmoja tu, kama kanuni inavyotaka.
Bado inasomeka.