Nakala ya Nane

Tartu, Februari. Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha.
Maret anapanga makaratasi ya marehemu Profesa Hilja Rannamets,
aliyechunguza kuvumwani miaka hamsini:
kuvu na mwani, ndoa ya juu ya jiwe.

Wasifu wake una nakala saba, zimepigwa taipu,
kila moja ndefu kuliko iliyoitangulia.
Nishani. Makala. Oslo, mkutanoni.
Na zote, zikifika 1949,
zinaruka kama mtu arukaye dimbwi,
zinatua 1956, viatu vikavu.

Cheti cha hospitali. Risiti ya fundi miwani.
Picha ya pasi, sikio moja limekatwa.
Halafu, ndani ya soksi ya sufu,
gome la mti, jeupe, ukubwa wa kiganja:
kuvumwani imechorwa kwa masizi, tawi kwa tawi,
na chini yake mwandiko wa vidole vilivyoganda:
*Hata huku inaota. Mama, nitumie sindano.*

Mwongozo unauliza: wasifu, barua, au vielelezo?
Maret anashika kalamu. Anaiweka chini.
Soksi imetiwa kiraka kisiginoni.
Anaikunja palepale ilipokunjwa,
anaandika *Wasifu, nakala ya nane*,
kisha anakwenda kuchemsha chai
bila kuvua glavu.