Haipo

Chumba cha nyuma, Langoni, pasipo dirisha,
marehemu Lali Shekuwe alinifunza kupima kwa mizani ya dhahabu
aliyoazima kwa sonara na hakuirudisha.
Metoli, chembe tu. Sulfaiti, konzi.
Haidrokwinoni nyeupe kama unga wa mchele.
Magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe.
Na bromaidi kidogo: "Hii ndiyo adabu ya dawa," alisema,
"bila yake itapaka weusi hata pasipo na mtu."

Maji ya kisima yana chumvi, hakuyataka.
Tulikinga mvua ya paa, tukaichuja kwa kitambaa cha kilemba.
Na joto! Dawa yataka ubaridi wa digrii ishirini,
ubaridi ambao Lamu haiujui hata Julai.
Nilitumwa barafu kwa wauza samaki;
kwa hiyo arusi zote za mtaa wetu, miaka kumi na saba,
zilizaliwa zikinuka changu.

Watu husema kusafisha picha. Kusafisha gani?
Kucha zangu kahawia kama za mvuta tumbako,
vidole vya Lali vikibambuka kwa metoli
mpaka mkewe akamtengea taulo, kisha sahani.

Akafa. Duka likawa la kutoa kopi na kutuma pesa,
nami karani wake.
Chupa zilibaki rafu ya juu,
dawa ndani imegeuka rangi ya chai iliyolala.

Jumanne akaja Zuena binti Mbwarahaji na risiti.
Karatasi ya waridi, mwandiko wa Lali:
*Bi Rukiya, Mkomani. Pozi moja. Amelipa nusu.*
Arubaini ya mama yake ilikuwa keshokutwa
na nyumba nzima haikuwa na sura yake;
alikuwa mtu wa kugeuka kila kamera ikiinuliwa.

Roli ilikuwa kwenye droo, chini ya mihuri. Haijaguswa.
Nikamwambia, dawa imekufa.
"Kwani dawa ni nini hata?"
Nikawaza. Kitu kichungu, nikasema, kitu kikali, na subira.
"Kichungu kiko nyumbani."

Akarudi na kahawa ya kopo, magadi,
na vidonge vya vitamini vya mwanawe, vyenye ladha ya chungwa.
Tukakoroga. Kikanuka matanga:
kahawa ya msiba iliyoungulia jikoni.
Dakika kumi na tano. Yeye alihesabu kwa tasbihi,
mimi nikaupindua mkebe, kila dakika mara tatu.
Siki ya achari, ya kuisimamisha.
Hapo mkono ukanifa ganzi.

"Imebaki dawa ya mwisho, ya kuikaza picha isiliwe na mwanga."
"Iko?"
"Jina lake haipo."
"Nimekuuliza iko au haipo."
"Haipo ndilo jina. Lali ndivyo alivyoiita,
na Mhindi wa Mombasa aliyemuuzia."
"Sasa hiyo haipo, ipo?"

Nikapanda kiti. Nikapapasa nyuma ya chupa, vumbi, mende mkavu,
bati lenye kutu, na ndani yake fuwele zimegandana
kama chumvi ya mawe.
Haipo ilikuwapo.

Pozi kumi na moja, ukungu mtupu.
Ya kumi na mbili, Bi Rukiya:
buibui lake jeupe, uso mweusi, meno meusi,
mlango ulio nyuma yake umekuwa usiku.
Hakugeuka. Anamtazama aliyeshika kamera
na kicheko kimemfika mdomoni, hakijatoka.

Zuena aliiinua kwenye taa mpaka matone yakamlowesha kiwiko.
Hakulia. Akasema tu,
"Huyu Lali alimwambia nini?"
Sijui. Nilikuwa nimetumwa barafu.

Akafungua pochi, akalipa nusu iliyobaki,
kwa bei ya risiti, shilingi saba. Nikapokea.
Nikamwambia kwamba hii bado si picha,
karatasi nayo yataka dawa yake.
"Kopo halijaisha," akasema.