Mtufaha wa Dirisha la Juu

Muuza miche wa Dokkum aliuinua kwa mkono mmoja
kama mtu amshikaye sungura masikio.
"Rangi mwaka mzima," akasema, "na hauzidi mita tatu."
Nikamwuliza: mita tatu za kiapo, au mita tatu za sokoni?
Akacheka, akanipunguzia yuro mbili.

Ua wetu ni hatua tano kwa nne: matofali,
pipa la taka, baiskeli ya marehemu baba.
Jirani Tjeerd ana paneli zake za umeme wa jua
na alikuwa amekwisha kunionya: akiona kivuli, tutaonana.
Mama alikuwa juu, kitandani, mwaka wa pili;
dirisha lake linaanzia mita mbili na nusu.
Basi kati ya Tjeerd na Mama nilibakiwa na nusu mita
ya kuchanua.

Niling'oa matofali kumi na sita.
Chini yake mfinyanzi mweusi, wenye harufu ya mtaro,
ukanivua kiatu.
Mizizi ililala ndani ya ndoo ya kudekia.
Shimo pana kuliko kina,
kovu la pandikizo libaki juu, likipata hewa,
maana mti huo mmoja ni miti miwili:
wa juu ndio wenye maua;
wa chini, wa mbegu fupi, kazi yake kushika ardhi
na kuunyima mwenzake urefu.

Aprili, Mama alipiga sakafu kwa fimbo.
Nikapanda ngazi mbio, nikidhani ni kifua.
"Imekuja," akasema. "Waridi. La, ngoja, inageuka nyeupe."
Tangu siku hiyo yeye ndiye mtangazaji.
Asubuhi, kabla ya chai, kabla ya umeamkaje,
hunisomea mti kama utabiri wa hali ya hewa:
Kijani cha chupa.
Kijani kilichochoka.
Manjano, ila upande wa Tjeerd tu.
Na Oktoba: "Damu ya mzee, Froukje, damu ya mzee kabisa,
na vitufaha kama vifungo vya koti la mtoto."
Novemba nzima mvua ya ubavuni,
vifungo vikashika, koti halikufunguka.

Januari wakaja ndege wa kaskazini, wenye vishungi,
kumi, thelathini. Asubuhi moja wakamaliza.
Habari hii muuza miche hakunitajia.
Nimehesabu: siku arobaini na moja zisizo na rangi.
Siku hizo Mama hutazama ukuta.
Mimi hufua mashuka, huyaanika,
jeupe, jeupe, la samawati.
Mara akasema: "Gome likilowa lina zambarau kidogo."
Nikatoka na mwavuli kuhakikisha.
Kweli. Lakini sharti usimame karibu, pua kwa shina,
na yeye miguu hana.

Kila Juni mti wa chini husahau mkataba.
Hutoa chipukizi chini ya kovu,
laini, lenye majani ya ukoo mwingine,
nami hulipinda, hulinyofoa.
Kisu hapana: ukilikata, yatarudi mawili.
Nimenyofoa miaka mitano.
Nina hamsini na tatu. Niliwahi kupata kazi Groningen,
barua ipo kabatini, chini ya hati za nyumba.
Mwaka jana lilitokea moja. Niliinama, nikalishika,
mkono ukakaa pale pale.
Kisha nikatafuta uzi, nikalifunga kwenye kijiti.

Leo limefika ukingo wa dirisha.
Fimbo, sakafu.
"Froukje! Hapa pembeni kuna tawi geni. Si letu."
"Nimeliona, Mama."
"Litatoa rangi gani?"
Nilikuwa nimepiga magoti juu ya matofali,
tope hadi viwikoni.
"Sijui," nikasema. "Halijaulizwa bado."