Miraba Sita

Kila Ijumaa usiku nilichora miraba
kwa rula ya bati na kalamu ya wino,
na Jumamosi mashine ya fotokopi
ilizitema karatasi zingali na joto la chapati.
Shilingi mia tano. Zawadi ya mwezi: baiskeli nyeusi,
imening'inia juu ya mlango wa duka langu,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.

Mji huu unaelewa mambo ya namba.
Hapa huulizwi wewe wa nani,
unaulizwa barabara ya ngapi,
ukifika kona unakwenda kulia au unashuka.
Tumezaliwa ndani ya chemshabongo,
kila mtu na mraba wake.

Wakanunua: Zaina Mhando wa cherehani,
vijana wa gati, muuza dawa za mswaki,
mwalimu Shekivuli, aliyestaafu hisabati
akaanza kugombana na nahau zangu.

Ndipo akaja Bwana Kihiyo wa leseni,
bahasha kwapani, viatu vimeng'arishwa hadi kisigino.
"Unaendesha mchezo wa kubahatisha."

Neno halibahatishwi, bwana, nikamwambia.
Soma mwenyewe, kumi na tatu kushuka:

    Ukutani nang'ang'ana, sili wala sijasema;
    siku nikikosekana, dukani hutasimama.

Herufi sita.
Alisoma midomo ikimtikisika. Akatazama ukuta wangu,
kalenda, kioo, picha ya marehemu baba.
Hakucheka.
"Mwezi uliopita walipatia wangapi?"
Saba.
"Baiskeli ngapi?"
Moja.
"Sasa ukafanyaje?"

Nikaeleza, tena kwa fahari, mjinga mimi:
majina saba ndani ya kikapu cha ukindu,
Mwatumu, mtoto wa jirani, macho amefumba,
mkono ukazama, ukaibuka na Zaina.
Watu walipiga makofi, hata waliokosa.

"Hapo," akasema Bwana Kihiyo.
Herufi nne.
Akaigonga meza kwa kidole, palepale kikapu kilipokaa.

Usiku ule nilijitetea mbele ya dari.
Ningeigawa? Zaina gurudumu la mbele,
mwalimu kengele, kijana wa gati mnyororo,
saba wanapita barabarani, kila mmoja anasukuma chake?
Au nirundike fumbo juu ya fumbo
mpaka abaki mtu mmoja, kachoka,
hata baiskeli yenyewe haitaki tena?

Nilitaka kumchukia yule bwana. Nilijaribu kweli.
Lakini mama yangu, huko Makorora,
bado anayo kuponi ya friji
aliyouziwa na kijana mmoja mwenye kipaza sauti,
mwenye tai, mwenye maswali mepesi mno.
Kijana alilala gesti siku mbili, ya tatu hayupo.
Kuponi imetulia kati ya kurasa za Msahafu.
"Huenda akarudi," husema mama.
Hakuna aliyemuuliza yule kijana karatasi yoyote.

Basi nikaenda ofisini. Nikapanga foleni,
nikalipa, nikapewa risiti,
nikapewa fomu.

Na fomu, ndugu yangu, ni miraba mitupu!
Jina la mwombaji: miraba. Mtaa: miraba.
Herufi kubwa, moja moja, usivuke mstari.
Mtu fulani, mahali fulani, naye alikuwa na rula.
Nikajaza bila kufuta mpaka kipengele cha tisa:

    Mshindi hupatikana kwa:

Miraba sita.

Nikaandika kichwani AKILI. Tano.
Mraba mmoja ukabaki wazi, kama jino lililong'oka.
Nikajaribu BAHATI.
Ikaingia yote, ikakaa, ikatosha.

Sasa ni saa nne. Kalamu iko mkononi.
Zaina amepita nje, kapiga kengele mara mbili.
Na kuna mteja kasimama hapa mbele yangu,
anataka nakala tatu za cheti cha kuzaliwa,
ananiuliza kama leo karatasi zipo.